Mwenye Jina Yuko Ndani, Anakula

Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani. Hapa Baraka, mji wetu wa kando ya Ziwa Tanganyika, hilo si jambo la kujisifia. Mwanaume wa umri wangu anatakiwa aonekane ufukoni akisukuma mtumbwi, au sokoni akibishana, au juu ya pikipiki, nywele zimejaa vumbi. Mimi naonekana dirishani. Nauza inite, yaani vocha za simu, kupitia dirisha la saloni, sebule yetu, na nachaji simu za watu kwa plaki ya jua iliyo juu ya bati letu. Mke wangu huamka kabla ya kila mtu, anaenda kununua ndagala kwa wavuvi na kurudi ananukia ziwa zima. Aliwahi kuwaambia wenzake sokoni kwamba nyumba yetu haina haja ya kufuli.

"Niko na bwana," alisema. "Ule hatokake."

Plaki hiyo ndiyo iliyotuletea televisheni, na televisheni ndiyo iliyonipa kazi ya heshima kwa mara ya kwanza maishani. Nilisoma sekondari mpaka diploma ya serikali, na Kifaransa nilichofundishwa kwa fimbo kilikuwa hakijanifaa kwa lolote, hata kusoma karatasi za dawa hunipa taabu. Lakini kila alasiri, jua likiwa bado linaipa betri nguvu, ilikuwa inakuja filimu moja ya vipande, ya mambo ya polisi, kwa Kifaransa. Na koko, mama mzazi wa baba yangu, hajui Kifaransa. Basi alikaa kwenye mkeka wake, mgongo ukutani, mimi nikakaa kwenye kiti, nikawa nafasiri.

Hatukuwa wawili tu. Kuna mama mmoja jirani, mkimbizi kutoka Burundi, anayelima mihogo na maharage nyuma ya mtaa wetu. Alikuja kwanza kuchaji simu. Simu ilipojaa hakuondoka, na siku iliyofuata alikuja na simu ambayo ilikuwa imejaa tayari. Sikumuuliza kitu.

Filimu yenyewe ilikuwa hivi. Bwana mmoja alikuwa amelazwa hospitali ya mbali muda mrefu sana. Alipotoka, akakuta kuna mtu mwingine anatumia jina lake: amechukua nyumba kwa jina hilo, ameoa kwa jina hilo, anachukua feza benki kwa jina hilo. Kulikuwa na polisi mwanamke aliyevaa koti la ngozi, anakunywa kahawa toka asubuhi mpaka jioni, anamtafuta yule mwivi. Sisi hatukushika majina yao ya kizungu. Mmoja tukamwita Mwenyewe, wa pili Mwivi, na yule polisi tukamwita Mama Kahawa.

"Huyu ameiba jina ya ule mwingine," niliwaambia siku ya kwanza.

Koko akageuza kichwa. "Ameiba jina ginsi gani? Mwenyewe amebaki bila jina?"

"Hapana, koko. Naye iko nayo."

"Basi hakuna kitu imepotea."

"Koko anasema kweli," mama jirani akaunga. "Mutu akiiba mbuzi yangu, mi nabaki bila mbuzi."

"Polisi ya huko haina kazi," koko akasema. "Njo maana anakunywa kahawa."

Nilijaribu kueleza. Nilisema mambo ya karatasi, mambo ya sheria, mambo ya benki. Walinisikiliza kwa huruma, kama watu wanavyomsikiliza mgonjwa wa malaria. Na sikuweza kuwalaumu, kwa sababu mimi mwenyewe niliyekuwa naeleza, jina langu si langu.

Ni la baba mkubwa wangu, mtoto wa kwanza wa koko. Vita ilipokuja, watu walishuka Kazimia, kijiji cha ufukoni, kutafuta mitumbwi ya kwenda ng'ambo ya ziwa. Mtumbwi wa kwanza ulikuwa umejaa. Koko alipanda na baba yangu, aliyekuwa bado kijana mdogo, na yule mkubwa akabaki ufukoni, akasema atapanda unaofuata. Unaofuata ulifika. Yeye hakuwemo. Walioshuka wengine walisema walimwona anarudi kuchukua kitu, wengine walisema hawakumwona kabisa. Mimi nilizaliwa huko ng'ambo, kambini, baada ya miaka, na baba akanipa jina la kaka yake.

Kwetu jina la aliyekufa hupewa mtoto ili lisianguke chini. Lakini hata la aliye hai hupewa mtoto, kwa heshima tu. Ndiyo maana baba aliweza kunipa jina hilo bila kusema lolote kuhusu kaka yake, na koko aliweza kulipokea bila kuuliza. Tuliporudi nyumbani nikiwa mtoto, nilirudi nalo. Na kwetu ukibeba jina umebeba na mtu. Baba yangu mzazi, mwenye mvi, ananiita "yaya", yaani kaka yangu mkubwa. Mama yangu, Mungu amrehemu, aliponichapa alikuwa anamchapa shemeji yake, kwa hiyo alianza na adabu: "Shemeji, unisamehe." Kisha kofi. Na koko ananiita mtoto wake. Jina lenyewe alilitamka mara nyingi kwa siku kuliko ilivyohitajika, hata nikiwa mbele ya macho yake. Nilidhani ni uzee.

Basi siku zilivyoendelea koko akampata Mwivi na hatia, ila si ile ya Mama Kahawa.

"Kosa yake ni moja tu," alisema. "Amebeba jina ya mwenzake, na hajaenda kusalimia mama."

"Mama gani, koko?"

"Mama ya Mwenyewe. Sasa si ni mama yake?"

Toka hapo akawa anamngoja huyo mama. Kila alasiri, kabla hata sura haijatokea kwenye kioo, aliniuliza kama leo Mwivi ataenda. Nikitazama namwona Mwivi anaingia kwenye jengo la vioo, na inabidi niseme ukweli.

"Leo ameenda benki."

"Benki tena! Mama iko benki?"

Mama jirani alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu. Kwao Burundi, alitueleza, kila mtoto anapewa jina lake peke yake; yeye na dada yake, tumbo moja, baba mmoja, hawana jina hata moja la kugawana. Koko alimwonea huruma kweli. "Pole, mwanangu," akamwambia. "Na mukikumbuka mutu, munamuwekaka wapi?"

Niseme pia kwamba mimi ni mfasiri mwenye mkono mzito wa chumvi. Mama Kahawa alipokuwa anatazama nje ya dirisha bila kusema neno, mimi nilimpa maneno. Nilisema anawaza bugali, kwamba toka jana hajala kitu cha maana. Wanawake wale wawili walipenda sana.

Ikaja siku ya mlango. Mwenyewe, amekonda, koti linamning'inia mabegani, anafika kwenye nyumba anayodhani ni yake. Anabisha. Mwanamke wa Mwivi anafungua kidogo, jicho moja tu linaonekana. Mwenyewe anasema jina lake. Na mwanamke anajibu, mimi nikafasiri neno kwa neno, siku hiyo bila chumvi:

"Mwenye jina hiyo iko ndani, anakula."

Na akafunga mlango. Mwenyewe akashuka ngazi, akaenda zake kwenye mvua.

Mama jirani akasema, "Yoo!" Koko alitazama kioo mpaka yakaja matangazo ya sabuni, na aliendelea kutazama sabuni vilevile.

Kesho yake asubuhi nilisikia anaita uani: "We! We wa dirisha!" Nilidhani anaita mteja. Alikuwa ananiita mimi. Kutwa nzima nilikuwa "we", au "baba", au "uyu". Siku ya pili akajaribu jina langu la ubatizo, ambalo hata padri aliyenibatiza nadhani alishalisahau. Alilitamka polepole, kama mtu anayemeza kidonge. Mimi sikuitika, kwa sababu sikujua ni nani anaitwa. Kuku peke yake ndiye aliyegeuka.

"Mi niliolewa na nani sasa?" mke wangu aliuliza, anapanga ndagala kwenye beseni. "Muniambie, nijue kama ni bwana yangu njo anakula hapa."

Tulicheka. Lakini ni ajabu jinsi mtu anavyozoea kuitwa. Nilikuwa nimeitwa jina hilo na sauti hiyo toka nilipokuwa sijui kutembea, na sasa uani palikuwa kimya kama shule wakati wa likizo.

Nilijua sababu siku moja nikiwa mahali pangu, dirishani. Koko na mama jirani walikuwa wamekaa chini ya dirisha hilo hilo, kwenye kivuli cha ukuta, wanachambua maharage. Watu husahau kwamba dirisha lina masikio kwa sababu mimi hukaa humo siku zote. Nimekuwa kama pazia.

"Mutoto yangu akirudi," koko alisema, "atatoka ku mutumbwi pale chini. Hajui nyumba hii. Tulikuwa tunakaa kwingine. Atauliza bamotari kwa Mama nani?"

Lazima nieleze. Bamotari ni vijana wa pikipiki za abiria. Koko, kama mama yeyote wa kwetu, haitwi kwa jina lake. Anaitwa kwa mtoto wake wa kwanza: mama wa fulani. Na fulani huyo ni yeye aliyebaki ufukoni, na ni mimi.

"Atauliza kwa Mama wa..." na hapo akalitaja jina, kwa mara ya kwanza toka siku ya mlango, kwa sauti ya chini. "Na bamotari watamuambia: ule tunamujua, na mutoto yake tunamujua, iko kule nyumbani, anakula. Atafanya nini? Mi namujua. Iko na haya. Atageuka."

"Aa, koko," mama jirani akasema. "Bamotari hawawezi kusema vile."

"Wanasema. Niliwauliza."

Nikaacha kuhesabu vocha. Koko akaendelea kuchambua maharage yake. Alisema alishuka mpaka ufukoni, akatafuta motari mgeni asiyemjua sura, akamuuliza kama anajua kwa Mama wa fulani. Motari akamjibu bila kufikiri: panda, mama, nakujua huko, mutoto yake mwenyewe iko pale dirishani, utamukuta, hatokake.

"Na ukafanya nini?"

"Nikapanda. Akanileta mpaka hapa kwangu."

Niliikumbuka siku hiyo. Nilimwona koko anashuka kwenye pikipiki mbele ya nyumba yetu, amekaa upande, mkoba mapajani, kama mgeni wa kutoka mbali. Nilimtania toka dirishani: "Karibu, mama, unatafuta nani?" Hakunijibu, nikadhani amechoka na jua.

Siku iliyofuata nilifanya jambo ambalo mtaa wetu bado unalizungumza. Nilifunga dirisha, nikavaa viatu, nikashuka mpaka ufukoni kwa miguu yangu.

"Kumbe iko na miguu!" motari mmoja akapiga kelele. "Batu, mukuje muone! Siku zote nilizania iko nusu, inaishia hapa," akajishika kiunoni.

Niliwaacha wacheke mpaka wamalize. Kisha nikawaambia: kama siku moja atatoka kwenye mtumbwi mwanaume mwenye mvi, anayeuliza nyumba ya koko yangu, wasimtaje mtoto yeyote. Wamlete tu. Wasiseme nani yuko ndani.

Walikubali kwa vichwa, maana kila mmoja wao ana mtu wake ambaye hajarudi. Yule aliyenicheka akauliza kwa upole, "Sawa, yaya. Na wewe, akikukuta pale, tuseme ni nani?"

Nilirudi nyumbani na swali lake, na malengelenge kwenye visigino.

Jumamosi ya kipande cha mwisho baba alishuka toka Fizi, kule juu milimani anakoishi na kulima maharage yake. Alikuja na mfuko wa unga wa mihogo na akasimama mlangoni kama kawaida yake. "Yaya, hodi. Unaniruhusu niingie, ama nilale inje?"

"Ingia, mudogo wangu," nilimjibu, kama kawaida yangu.

Koko alitutazama sisi wawili, kisha akageuka upande mwingine.

Tulikaa wote: koko kwenye mkeka, mama jirani pembeni yake, mke wangu mlangoni na beseni lake, baba kwenye kiti changu, mimi juu ya gunia. Siku nzima sikuchaji simu ya mtu ili betri isituangushe. Na haikutuangusha. Mama Kahawa alimfukuza Mwivi mpaka uwanja wa ndege, akamfunga pingu. Mwenyewe akapewa karatasi zake, akazitia mfukoni. Mama Kahawa akanunua kahawa. Muziki. Kisha majina mengi yakaanza kupanda kwenye kioo.

"Na mama?" koko akauliza.

"Imekwisha, koko."

"Mama iko wapi?"

"Hawakumuweka."

"Filimu yote hii, bila mama?" Akanyoosha kidole kwenye majina yanayopanda. "Na hao wote ni nani?"

"Ni wale walitengeneza filimu."

"Wengi ivi! Na hata moja hakuwaza mama?"

Nikafungua mdomo. Nilikuwa na mama tayari, nilikuwa nimemtunga njiani toka ufukoni: anafungua mlango, anawatazama wote wawili, anasema neno zuri.

"Usiongeze," koko akasema. "Wakati unaongezaka unaangaliaka dirisha. Mi najua toka zamani."

Nikafunga mdomo. Kweli nilikuwa naangalia dirisha.

Hapo koko akamgeukia baba. Hakupandisha sauti. "Unamuitaka uyu yaya. Mwenyewe akirudi, utamuita nani?"

Baba yangu si mtu wa maneno. Alitazama mikono yake, mikono yenye udongo wa mlimani ambao hautoki. "Yaya pia," akasema.

"Wote wawili?"

"Wote wawili, mama. Yaya mukubwa, na yaya mudogo. Sawa vile tunafanyaka siku zote, batu wawili wakikuwa na jina moja ku nyumba moja."

Koko alingoja. Alijua kuna kitu kimebaki, na sisi wengine tukajua kwa kuwa alingoja.

"Sikutia ile jina juu ya kusema amekufa," baba akasema. "Sijasema amekufa, hata siku moja. Nilikuwa nimezoea kuita mutu yaya. Kule kambini sikukuwa na mutu ya kuita."

Mke wangu akainama kwenye beseni lake, akaanza kugeuza ndagala ambazo hazikuhitaji kugeuzwa. Mama jirani alisema neno moja la kwao ambalo sikulielewa na sikuomba tafsiri. Koko alinyoosha mkono akashika goti la baba, akauacha mkono juu yake mpaka kioo kikawa cheusi.

Kisha akaniangalia mimi, na tumbo langu, na gunia nililokaa juu yake.

"Mudogo," akasema, anajaribu neno. "Mudogo na tumbo ile."

"Akirudi atashangaa," mke wangu akasema. "Ataona mukubwa ni mwembamba."

Mtaa mzima sasa unaniita Mudogo. Motari wale ndio wanaopiga kelele zaidi, wakipita mbele ya dirisha, na wamenihakikishia kwamba wanajua la kusema ufukoni: mukubwa, karibu, mudogo wako anakungoja. Mama jirani ameanza kuniuliza filimu nyingine inakuja lini, na simu yake imejaa.

Koko naye ameanza tena kuniita jina langu. Bugali likiwa tayari anasimama uani, anaelekea upande wa barabara inayotoka ziwani, na analitaja jina kwa sauti kubwa. Kisha ananyamaza. Anatazama. Ndipo anaongeza, "Mudogo!"

Mwanzoni nilikuwa naitika mapema, kwa njaa. Sasa nimejifunza. Jina likitajwa nakaa kimya kwenye kiti changu, mkono juu ya dirisha, na mimi pia natazama barabara, mpaka zamu yangu ifike.